Kwa nini Marafiki hawabatizi kwa maji: Hoja ya Bungoma na Kitale iliyoandikwa karne ya 17

KATIKA kaunti za Bungoma na Trans Nzoia, Mkristo wa Kanisa la Marafiki, au Wakweka kama wanavyoitwa na wengi, huulizwa swali moja tangu utotoni hadi uzeeni: wewe ulibatizwa wapi? Jirani yake Mkatoliki ana cheti cha parokia. Mwanglikana ana siku ya kipaimara anayoikumbuka. Mpentekoste alizamishwa mtoni mbele ya umati. Rafiki hana maji ya kuonyesha, hana mkate wala kikombe, na aghalabu jibu lake huwa fupi mno: sisi hubatizwa kwa Roho.

Jibu hilo si la kubuniwa Lugulu wala Kimilili. Lina umri wa zaidi ya miaka 350, na lilipochapishwa kwa mara ya kwanza liliwaingiza waandishi wake katika vita vya maneno na takriban kila kundi la Wakristo lililokuwako Uingereza. Anayetaka kuelewa kwa nini hoja hii haiishi magharibi mwa Kenya hana budi kurudi kwenye maandishi hayo. Kisha atazame jinsi yalivyofika Kaimosi mwaka 1902, kwa kuwa hayakufika yote.

Mwasisi wa Marafiki, George Fox, alizaliwa mwaka 1624 katika kijiji cha Leicestershire, mwana wa mfumaji wa nguo. Alikulia katika nchi iliyopigana wenyewe kwa wenyewe hadi ikamkata kichwa mfalme wake, Charles wa Kwanza, mwaka 1649. Kanisa la serikali lilikuwa limeyumba, na udhibiti wa vitabu ukawa umelegea. Mtu aliyekuwa na neno la kusema na fedha kidogo za mchapaji aliweza kulisambaza nchi nzima. Fox na wenzake walifundisha kwamba Kristo mwenyewe humfundisha kila mtu kwa Nuru iliyo moyoni, na kwamba nuru hiyo haihitaji kasisi, mnara wa kanisa, zaka wala kiapo. Mwaka 1650, Fox aliposhtakiwa mjini Derby, hakimu alimdhihaki yeye na wenzake kwa jina la watetemekaji, kwa sababu alikuwa amemwambia atetemeke mbele ya neno la Mungu. Dhihaka hiyo ndiyo asili ya jina Wakweka.

Wapinzani hawakukawia. Mwaka 1655, kasisi mashuhuri Richard Baxter alichapisha katekisimu ya kuwakejeli, na James Nayler, aliyekuwa msemaji hodari kati ya Marafiki, akamjibu mwaka huohuo. Mwaka uliofuata alijitokeza mhubiri asiye na elimu kubwa kutoka Bedford, aitwaye John Bunyan. Wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu Bunyan kwa Safari ya Msafiri, kitabu ambacho wamishonari walikieneza kote Afrika. Wachache wanajua kwamba kitabu chake cha kwanza kabisa, cha mwaka 1656, kilikuwa cha kuwapinga Wakweka. Alidai kwamba kwa kumtaja mno Kristo aliye ndani ya moyo, walikuwa wakimsahau Kristo aliyezaliwa na Mariamu, akafa nje ya Yerusalemu na kufufuka kwa mwili. Kijana Edward Burrough, aliyekuwa katika miaka ya ishirini, alijibu mwaka huohuo. Bunyan akarudi ulingoni mwaka 1657, na Burrough akamjibu tena.

Ukiyasoma mabishano hayo leo, utashangazwa na ukali wa lugha. Pande zote mbili ziliitana manabii wa uongo na kudai kwamba mwenzake amepotoshwa na Shetani. Hata hivyo, chini ya matusi hayo kulikuwa na swali zito: je, mtu anaokolewa na jambo lililotendeka mara moja katika historia, au na jambo linalotendeka ndani yake sasa? Marafiki walijibu kwamba yote mawili ni kweli. Wapinzani wao hawakuridhika kamwe kwamba walimaanisha hivyo. Lililo chungu ni kwamba serikali haikujali tofauti hiyo. Mfalme aliporejea mwaka 1660, Bunyan alitiwa gerezani kwa kuhubiri bila kibali, na Burrough akafa akiwa mfungwa wa Newgate jijini London mwaka 1663, kabla hajafikia umri wa miaka 30.

Huko Marekani, Roger Williams, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kutetea uhuru wa dhamiri, alijadiliana na Marafiki hadharani kwa siku kadhaa mwaka 1672, kwanza Newport kisha Providence. Aliandika kitabu cha kuwashutumu kilichochapishwa mwaka 1676, na Fox akajibu kwa kitabu kingine mwaka 1678. Williams hakutaka Wakweka wafungwe. Alitaka washindwe kwa hoja, jambo ambalo katika karne hiyo lilikuwa adimu.

Nao Marafiki hawakuandika kwa ajili ya kujikinga tu. Mwaka 1666 Margaret Fell, akiwa kifungoni Lancaster, alichapisha utetezi wa haki ya wanawake kuhubiri, akipitia Maandiko tangu Mwanzo hadi siku ya ufufuo, ambapo wanawake ndio waliopeleka habari kwa mitume. William Penn naye alitupwa katika Mnara wa London kwa kijitabu cha mwaka 1668 kilichoonekana kukana Utatu, na ilimbidi aandike kingine kueleza kwamba hakumkana Kristo. Kufikia mwaka 1673 Marafiki wenyewe walikuwa wameunda kamati jijini London ya kusoma miswada kabla ya kuchapwa. Harakati iliyoanza kwa kumpa kila mtu uhuru wa kunena ilikuwa sasa na wahariri.

HOJA YA BARCLAY

Mtu aliyeyapanga mafundisho haya yakawa elimu kamili ni Robert Barclay, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1648. Alilelewa miongoni mwa wafuasi wa Calvin, kisha akasomeshwa katika chuo cha Wakatoliki wa Kiskoti jijini Paris. Alijua silaha za pande zote mbili. Kitabu chake cha utetezi kilitoka kwa Kilatini mwaka 1676 na kwa Kiingereza mwaka 1678, kikiwa na hoja 15. Hoja ya 12 inahusu ubatizo na ya 13 inahusu meza ya Bwana.

Barclay anaanza na waraka kwa Waefeso, sura ya nne, unaosema kuwa ubatizo ni mmoja. Ikiwa ni mmoja, anauliza, ni upi: ule wa Yohana wa maji, au ule wa Kristo ambao Yohana mwenyewe aliutofautisha na wake kwa kuutaja kuwa wa Roho na moto? Anakumbusha kwamba Paulo aliwaambia Wakorintho kuwa hakutumwa kubatiza bali kuhubiri. Ama kuhusu agizo la mwisho la Mathayo 28, ambalo kila mpinzani hulitaja kwanza, Barclay anaonyesha kwamba neno maji halimo ndani yake.

Wapinzani walikuwa na jibu, tena zuri. Katika Matendo sura ya 10, Kornelio na jamaa yake wameshapokea Roho Mtakatifu, na bado Petro anaagiza wabatizwe kwa maji. Kama Roho anatosha, maji yalikuwa ya nini? Hapa Barclay anajitetea kwa kusema kwamba mitume waliendelea na baadhi ya desturi kwa kuwahurumia waumini waliozizoea, kama vile Paulo alivyomtahiri Timotheo katika sura ya 16 ilhali alifundisha kwamba tohara si kitu. Msomaji asiye na upande atakiri kwamba hapa ndipo hoja yake inapolegea, kwani Kornelio hakuwa Myahudi wa kuhurumiwa.

Anapofika kwenye mkate na divai, Barclay anakuwa mkali zaidi. Kristo aliwaosha wanafunzi miguu, asema, na akawaagiza nao wafanye vivyo hivyo, kwa maneno yaliyo wazi kama yale ya meza. Yakobo aliagiza wagonjwa wapakwe mafuta. Mkutano wa mitume Yerusalemu ulikataza kula damu. Mbona makanisa ya Kiprotestanti yameyaacha hayo yote na kushikilia mawili tu, kisha yanawahukumu wanaoacha na hayo mawili? Swali hilo halijapoteza makali. Baadhi ya makanisa ya magharibi mwa Kenya ambayo leo huoshana miguu yanaweza kumjibu Barclay kwa ujasiri kuliko walivyoweza Wapresbiteri wa zama zake.

Mskoti mwenzake, John Brown, alimjibu mwaka 1678 kwa kitabu kikubwa kilichodai kuwa njia ya Wakweka huishia katika upagani. Barclay akajitetea tena mwaka uliofuata. Lawama hiyo ya upagani tutakutana nayo tena, mbali sana na Uskoti.

NJIA YA KUJA KAIMOSI

Kati ya Barclay na Bungoma kuna miaka zaidi ya 220 na bahari ya Atlantiki. Katika karne ya 19 Marafiki wengi wa Marekani waliguswa na mikutano ya uamsho. Ukimya wa ibada ukaachia nafasi nyimbo, mahubiri na wito wa kuokoka, na makutano mengi yakaanza kuajiri wachungaji. Baadhi walikwenda mbali zaidi. Huko Ohio mhubiri David Updegraff alibatizwa kwa maji na kutetea uhuru wa Marafiki wengine kufanya hivyo. Mtafaruku huo ulikuwa miongoni mwa sababu za mkutano mkubwa wa Richmond, Indiana, mwaka 1887, uliotoa tamko la imani. Tamko hilo lilisisitiza mamlaka ya Biblia na kifo cha Kristo cha upatanisho kwa namna ambayo hata Bunyan angepata machache ya kulaumu, lakini likashikilia kwamba ubatizo na ushirika ni wa kiroho. Ndani yake limo dondoo la barua ambayo Fox na wenzake walimwandikia gavana wa Barbados mwaka 1671 kuthibitisha kwamba wao ni Wakristo.

Wamarekani watatu waliofika Kaimosi mwaka 1902, yaani Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walitoka katika mkondo huo wa uamsho, na walikuwa na uhusiano na chuo cha Biblia cha Marafiki kilichokuwa Cleveland, Ohio. Walileta Biblia, msumeno wa mbao na shule. Walileta pia katazo la maji. Ila mabishano yaliyolizaa katazo hilo, na vitabu vyake vizito, hayakuwa ndiyo mzigo wao mkuu. Kwa hiyo waumini wa kwanza wa Maragoli, Tiriki na baadaye Bukusu walipokea hitimisho la Barclay bila ya hoja zake. Huu ndio mzizi wa lile jibu fupi.

Kwa miaka mingi upungufu huo haukuonekana, kwa sababu madhehebu ya Kiprotestanti yaligawana maeneo. Waanglikana walikuwa Maseno na Butere, Kanisa la Mungu lilikuwa Kima, nao Marafiki wakawa na Kaimosi, Vihiga, Malava na Lugulu, kituo kilichowahudumia Wabukusu. Wakatoliki wa Mill Hill, ambao hawakuwa sehemu ya makubaliano hayo, walikuwa Mumias na baadaye Kibabii, karibu na Bungoma. Mtoto wa Lugulu aliweza kukua bila kuuona ubatizo wa maji.

Tofauti ilijitokeza wamishonari walipotaka kuungana. Mkutano wa Kikuyu wa mwaka 1913 ulipendekeza shirikisho la misheni, na kati ya masharti yake ilikuwa kutolewa kwa sakramenti mbili kwa alama za nje. Mkutano huo unakumbukwa zaidi kwa sababu Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, akiona kwamba wamelegeza mno mipaka ya kanisa. Katika zogo hilo la Waanglikana ilisahaulika kwamba sharti lenyewe liliwaacha Marafiki nje. Ushirika wa misheni ulipoundwa hatimaye mwaka 1918, ulikuwa wa misheni nne, nao Marafiki hawakuwamo.

ROHO ALIPOSHUKA

Mwaka 1927 Chilson alihubiri Kaimosi kwa msisitizo mkubwa juu ya kumpokea Roho Mtakatifu. Waumini, vijana hasa, walianza kuungama dhambi hadharani, kuomba kwa sauti kuu, kunena kwa lugha na kutetemeka. Chilson aliondoka nchini mwaka huohuo. Wamishonari waliobaki, pamoja na wazee wengi wa Kiafrika, waliona vurugu na wakawazuia. Waliokataa kunyamaza walitengwa, na kutokana nao likazuka Kanisa la Kiafrika la Roho Mtakatifu.

Hapa historia inafanya mzaha wake. Watu waliopewa jina kwa kutetemeka waliwafukuza waliotetemeka. Lakini si haki kuwalaumu wamishonari kana kwamba waliisaliti asili yao, maana asili yenyewe ilikuwa na pande mbili. Mwaka huohuo wa 1676 uliotoa utetezi wa Kilatini, Barclay alichapisha kitabu kingine kuwakemea Marafiki waliodhani kwamba uongozi wa Roho unamruhusu kila mtu kupuuza uamuzi wa mkutano. Miaka 20 kabla yake, Nayler aliingia mjini Bristol juu ya farasi huku wafuasi wakimwimbia kama alivyoimbiwa Kristo, akahukumiwa na Bunge kuchapwa na kutobolewa ulimi. Tangu siku hiyo Marafiki waliogopa kile ambacho Nuru inaweza kumwamuru mtu mmoja akiwa peke yake.

Kisa cha Elijah Masinde wa Kimilili ni kigumu zaidi. Masinde, aliyewahi kuvuma kama mchezaji wa kandanda, alikuwa mshirika wa Kanisa la Marafiki hadi alipotengwa kwa kuoa mke wa pili. Katika miaka ya 1940 aliongoza Dini ya Msambwa, iliyorejesha ibada za mababu na kutaka Wazungu waondoke. Serikali ya kikoloni ilimpeleka katika hospitali ya akili ya Mathari mwaka 1945. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi na kuwaua 11. Dini hiyo ikapigwa marufuku, naye akafungiwa mbali na kwao hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alifariki mwaka 1987.

Wapo wanaopenda kumfananisha Masinde na Fox, manabii wawili waliofungwa kwa kusema walichoonyeshwa. Ulinganifu huo una mipaka, kwani Fox hakudai kurejesha dini ya mababu zake. Alidai kuwarudisha watu kwa mitume. Ila kuna jambo moja linalowaunganisha. Wamishonari walipomwita Masinde mpagani, walikuwa wakitumia neno lilelile ambalo John Brown alilitumia dhidi ya Barclay. Tena sheria iliyomtoa Masinde kanisani haikutoka katika hoja 15. Ilikuwa nidhamu ya ndoa waliyoshirikiana misheni zote za enzi hizo. Katika jambo hilo Kimilili ilitawaliwa na desturi ya pamoja ya wamishonari kuliko na maandishi ya Wakweka.

KITALE, MAHALI PA MAKANISA YOTE

Trans Nzoia haikugawanywa na misheni kama Bungoma. Ilikuwa ardhi ya walowezi, na Marafiki waliofika Kitale na mashamba yake wengi wao walikwenda kama vibarua. Baada ya uhuru, ardhi ya walowezi ilipogawanywa na kuuzwa, familia kutoka Bungoma, Maragoli na kwingineko zilihamia huko pamoja na makanisa yao. Barabara moja ikawa na Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste, Waadventista, Jeshi la Wokovu na Marafiki. Ndipo swali la maji likawa la kila Jumapili.

Marafiki nao walikuwa wakigawanyika. Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki, ulioanzishwa mwaka 1946, ulimeguka mwaka 1973 pale Marafiki wa upande wa Elgon, wengi wao Wabukusu, walipounda chama chao chenye makao Lugulu. Manung'uniko yalihusu uongozi, lugha na mgawanyo wa mali. Baadaye ikatokea mikutano mingine mingi, ukiwamo wa Elgon Mashariki wenye makao Kitale. Hakuna aliyegawanyika kwa sababu ya Barclay. Hesabu ya Marafiki duniani ya mwaka 2017 iliikuta Kenya ikiwa na zaidi ya watu 119,000, wengi kuliko nchi nyingine yoyote.

Wingi huo haujawaondolea mashaka. Mpentekoste anayebishana na Rafiki huko Kitale hahitaji kusoma Brown ili kumbana. Anamuuliza: kama mnakataa maji kwa sababu ni alama ya nje, mbona mna wachungaji wanaolipwa, mimbari, nyimbo na ratiba ya ibada? Hoja ya 10 na ya 11 za Barclay zinakataa huduma ya kuajiriwa na ibada iliyopangwa mapema kwa nguvu ileile ambayo ya 12 inakataa maji. Marafiki wa Kenya wamezifuata hizi na kuziacha zile, kama walivyofanya walimu wao wa Marekani. Rafiki anaweza kujibu kwamba kanisa hukua. Lakini hapo itambidi aeleze kwa nini likue kuhusu mshahara na lisikue kuhusu maji, na jibu hilo haliwezi kuwa la maneno matano.

Wapo wa kumuunga mkono. Jeshi la Wokovu, lililoingia Kenya mwaka 1921, liliacha sakramenti mwaka 1883 na halibatizi kwa maji, ingawa lina bendera, magwanda na bendi ambazo Fox asingezivumilia hata kidogo. Mwaka 1982 Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilitoa waraka huko Lima, Peru, kuhusu ubatizo, ekaristi na huduma, likitumaini makanisa yatatambuana. Marafiki wa Uingereza walijibu kwamba maisha yote ya Mkristo ni sakramenti, na hawakuona sababu ya kuitenga moja.

Jibu hilo halikubadilisha sheria za wengine. Mkatoliki wa Kibabii anayetaka kufunga ndoa kanisani na binti wa Lugulu ambaye hajawahi kubatizwa kwa maji bado anahitaji ruhusa maalum ya kanisa lake, ileile anayohitaji akioa Mwislamu. Nalo Kanisa la Anglikana likimpokea Rafiki, humbatiza kama mtu ambaye hajabatizwa kamwe. Kwa wazazi waliokwisha kupanga siku ya harusi, hoja ya 12 ya Robert Barclay huanzia hapo.